Mashavu ya Mama Bibiane

Mizani ya mizigo pale stesheni ya Kalemie ililetwa kupima mahindi, mihogo mikavu na samaki wa kukaushwa. Vita vilipofika, treni ziliacha kuja na mahindi yakaacha kuja, lakini mizani haikupewa likizo. Papa Ngoy, mpima mizigo wa zamani, aliendelea kufika kila asubuhi ingawa hakuna aliyemuita. Aliifuta vumbi kwa kitambaa, akakaa kando yake kama mtu anayemlinda mgonjwa. Akikosa gunia, alipima watu. Ndiyo ilikuwa sinema yetu, sisi tulioshinda kwenye benchi la Mama Bibiane hapo karibu: wafanyakazi wa reli wasio na reli, wanafunzi wasio na shule, na mara nyingine askari wenye bunduki na njaa.

Mama Bibiane alikuwa mpishi. Bugali, samaki wa mikebuka kwa mafuta ya mawese, sombe ya majani ya mihogo yaliyotwangwa vizuri. Kabla ya vita, siku moja ya sikukuu, Papa Ngoy alimpandisha kwenye ile mizani, na mshale ukapita alama ya gunia la mahindi. Watu walipiga makofi. Mumewe, Edmond, fundi wa breki za mabehewa, alitembea wiki nzima kifua mbele: mume wa gunia lililojaa.

Usicheke haraka. Kwetu mpishi ndiye kibao cha tangazo la chakula chake. Huwezi kuchora kuku mzima ukutani, halafu nyuma ya sufuria ukaweka mwanamke mwenye mabega kama chanja ya kuanikia samaki. Mteja atajiuliza: kama chakula hiki hakimsaidii anayekaa nacho kutwa, mimi wa sahani moja kitanifanyia nini?

Vita vilipoingia mjini, mwaka wa tisini na nane, Edmond alikuwa ameondoka na treni ya mwisho kwenda Kabalo kurudisha mabehewa. Mabehewa hayakurudi, na yeye hakurudi. Mstari wa vita ulijichora katikati, mume upande ule, mke upande huu. Mama Bibiane alibeba watoto wake wawili, Emilie na mdogo wake Edouard, akakimbilia milimani, njia ya Bendera. Walikaa huko miezi, wakila mizizi ambayo hata panya walikuwa wameikataa. Waliporudi, nyumba ilikuwa imesimama bila milango, sufuria kubwa ilikuwa bado imefukiwa nyuma ya choo mahali alipoificha, na Mama Bibiane alikuwa nusu ya Mama Bibiane.

Akawasha moto upya. Alipika vizuri kama zamani, naapa. Tulikuja siku ya kwanza kwa furaha, tukakaa, tukamtazama. Hapo furaha ikatafuta mlango.

"Mama Bibiane," Papa Ngoy akasema, na yule mzee mdomo wake haukuwa na breki, "wewe njo unapika, ama njo unapikwa?"

"Papa Ngoy, kula bugali yako, nyamaza."

"Nitakula. Lakini panda kwanza hapa juu ya mizani tuone kama mufupa iko na kilo."

Benchi lilicheka. Yeye pia alicheka, akifunga kitenge chake mara ya pili, kwa sababu kilikuwa kinazunguka mwili wote na kingine kikabaki.

Miaka ile mtu aliyekonda hakuwa amekonda tu. Njaa ilikuwepo, kukimbia kulikuwepo, malaria ilikuwepo, lakini macho ya mji yaliona sababu moja peke yake: ugonjwa ule ambao watu waliutaja kwa kuinua kidole kidogo. Mwanamke asiye na mume nyumbani, amerudi kutoka porini, mashavu yameingia ndani. Kesi imekwisha, hukumu imetoka, hakuna rufaa. Ng'ambo ya reli kulikuwa na Mama Gisèle, mpishi mwingine, mwenye mashavu kama mikate miwili iliyoumuka. Sombe yake ilikuwa na mchanga, ningeweza kutoa ushahidi mahakamani. Lakini watu walivuka reli wakamfuata, mmoja mmoja, kwa adabu, kama wanaotoka kanisani kabla ya sadaka.

Halafu kulikuwa na jambo la kufungua sufuria. Tangu waasi waushike mji, askari waliogopa kuwekewa sumu, kwa hiyo wakawa wanawalazimisha wapishi kula kwanza, mbele yao. Desturi ikatoka kwa askari ikaingia kwa raia. Ikafika wakati hata mwalimu wa katekisimu hakula mpaka mpishi afungue sufuria: achukue sahani yake, amege tonge kubwa la bugali, achovye, ameze, watu waone koo linashuka. Mama Gisèle alifungua sufuria kama mtu anayecheza ngoma. Mama Bibiane tumbo lake lilikuwa limezoea njaa, likashindwa kuzoea chakula. Matonge mawili, anaacha.

"Ata yeye mwenyewe hakitaki," watu wakanong'ona.

Siku moja akaja wifi yake, Florentine, dada ya Edmond. Alikuwa mwanamke wa sala nyingi na mikono mifupi ya kutoa. Alisimama mbele ya benchi, hakukaa, akamkagua wifi yake kutoka kitambaa cha kichwa mpaka ndala.

"Wifi, mimi nakuambia mbele ya watu, ili kesho usiseme nilikusengenya. Hii jiko ikifa, mimi nabeba watoto wa kaka yangu. Nawapeleka kwa bibi yao, Niemba."

"Niemba? Kule ambako asubuhi kuna askari, mchana kuna wapiganaji wa Mai-Mai?"

"Kule kuna shamba. Hapa kuna nini? Muntu anakwisha tu kama sabuni."

Florentine akaondoka. Mama Bibiane akageuza samaki ambao hawakuhitaji kugeuzwa. Emilie, binti yake wa miaka kumi na mitatu hivi, alikuwa anaosha sahani nyuma yake, akazisugua zile sahani mpaka ungedhani anatafuta kitu chini ya rangi. Basi, hayo ndiyo yaliyokuwa mezani: jiko likifa, watoto wanakwenda Niemba. Na jiko lilikuwa linakufa kwa sababu ya mashavu.

Mtu wa mashavu alikuwepo. Aliitwa Josias. Zamani aliuza betri za redio, sindano za kushonea na wembe, katika sanduku la mbao alilolining'iniza shingoni. Mitumbwi ya injini ya kutoka Kigoma ilipoanza kuleta dawa ndani ya mifuko ya nailoni, pamoja na sabuni na chumvi, Josias akasogeza betri upande mmoja, akaweka vidonge upande wa pili. Siku hiyo hiyo akapandishwa cheo, tukamwita Dokta. Ningependa kusema alikuwa mwizi, kisa kingekuwa chepesi. Hakuwa mwizi. Alichokuwa anawauzia watu alimpa pia mke wake mwenyewe, kwa upendo. Ujinga wake ulikuwa safi, haukuchanganywa na maji.

Mama Bibiane alimsubiri apite, akamvuta nyuma ya ghala la mizigo. Benchi letu lilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mabati, na mabati yale yalikuwa na matundu ya risasi, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kusogea.

"Dokta, unayo ile ya kunona?"

"Mama, nani hana ile ya kunona? Nusu ya wapishi wa mji huu ni kazi yangu."

"Haina mateso?"

"Ni vitamini, mama. Tazama, hii ndogo nyeupe, dexa. Hii ingine inaleta hamu ya kula. Zinaenda pamoja kama bibi na bwana. Asubuhi unameza, mchana unameza, na mwezi ukiisha njo utatafuta fundi apanue mlango."

"Na hospitali wanaijua?"

"Hospitali?" Josias akacheka. "Hospitali wanangoja muntu augue. Mimi nakupa afya kabla ya ugonjwa. Nani muganga mzuri kati yetu?"

Kwa jibu hilo ungempa shahada. Mimi niliyeiacha yangu katikati sikuwahi kusikia profesa akijibu vizuri hivyo.

Akameza. Na dawa, lazima tuseme ukweli, ilifanya kazi. Ndiyo ubaya wake wa kwanza. Ingekuwa unga wa mihogo uliogandamizwa, Mama Bibiane angelalamika, angeidai nyingine, maisha yangeendelea. Lakini kabla mwezi haujaisha njaa ilimwingia kama mpangaji mpya mwenye vitu vingi. Alifungua sufuria asubuhi, na badala ya matonge mawili akala sahani nzima, akachota tena, mafuta ya mawese yakimtoka pembeni mwa mdomo. Mashavu yakajaa. Yakazidi kujaa. Uso ukawa mviringo, unang'aa, kidevu kikapata jirani.

Watu wakavuka reli kurudi. Walirudi vilevile walivyoondoka, mmoja mmoja, wakisafisha koo. Papa Ngoy alimpandisha kwenye mizani mbele ya mashahidi, mshale ukapanda, akatangaza kwa sauti yake ya kazini, ile aliyotumia zamani kuwaita wenye mizigo:

"Gunia! Kasoro kopo moja!"

"Umenipima na viatu vyangu, Papa Ngoy."

"Viatu viko na kilo? Mama, wewe umerudi. Karibu nyumbani."

Hata Florentine alikuja kuona. Safari hii alikaa. Alikula mikebuka miwili, akalamba vidole, akauliza kwa sauti ya chini lakini si chini ya kutosha:

"Wifi, unakula nini siku hizi?"

"Nakula amani," Mama Bibiane akamjibu.

Benchi zima lililipuka kwa kicheko, kwa sababu asubuhi ile ile tulikuwa tumelala chini kifudifudi ndege ya vita ikipita juu ya bandari. Habari za Niemba hazikutajwa tena. Emilie akaanza kuimba akiosha sahani. Kwa hiyo msiniulize kwa nini mama yake hakuacha. Nani angeacha?

Ukweli ni kwamba mwili ulikuwa unasema. Sisi hatukuwa wasikilizaji, tulikuwa wateja. Uso ulinenepa na tumbo likanenepa, lakini mikono na miguu ilibaki vijiti, kana kwamba walimshona kwa vipande vya watu wawili. Ngozi ya mikono ikawa nyembamba, ukimgusa tu panabaki alama nyeusi. Ndevu ndogo laini zikaota mashavuni. Alijikata kidole kwa kisu cha samaki, na kile kidonda kikakaa wazi majuma na majuma kama duka lisilo na mteja. Alipokuwa anataka kusimama kutoka kwenye kigoda chake kifupi, ilibidi ashike meza kwa mikono miwili ajivute. Sisi tulifanya nini? Tulipiga makofi.

"Uzito wa utajiri huo!" Papa Ngoy alipiga kelele. "Mulete winchi ya bandari!"

Mara moja alijaribu kuacha. Hayo tuliyajua baadaye kwa Emilie. Alisema, sasa nimenona vya kutosha, nipumzike. Siku ya kwanza mifupa ikamuuma yote. Siku ya pili hakuweza kubeba ndoo. Akamwendea Josias, na Josias, daktari wa betri, akampa maelezo yaliyoingia akilini kabisa:

"Unaona? Bila vitamini mwili yako inalia. Inamaanisha ulikuwa mugonjwa na hukujua."

Akarudi kumeza, akapona mchana huo huo. Ungetaka ushahidi gani zaidi? Akaongeza na kidonge kimoja juu, cha shukrani. Vidonge alivificha ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini ya mfuko wa unga wa mihogo, akamwambia Emilie: "Muntu akikuuliza, sema mama anakula vizuri. Ukifungua mudomo, mambo ya Niemba itarudi." Mtoto akafunga mdomo. Watoto wa vita wanajua kufunga mdomo kuliko kuufungua.

Hivyo ulipita mwaka na kitu.

Halafu kamanda akafunga ziwa. Sababu zilikuwa nyingi, kila askari alikuwa na yake: wengine walisema maadui wamevuka, wengine walisema mitumbwi inabeba barua. Sisi tulichojua ni kwamba hakuna mtumbwi wa injini uliotoka na hakuna ulioingia. Chumvi ikapanda bei. Sabuni ikawa ya harusi. Na sanduku la Josias likabaki na betri peke yake.

"Dokta, ata kidogo?"

"Mama, ata mke wangu hana. Ziwa likifunguka, wewe njo wa kwanza."

Mama Bibiane akaanza kuvipasua alivyobakiza. Nusu asubuhi. Kesho yake robo. Alivipasua kwa kisu kile kile cha samaki, juu ya kifuniko cha kopo, akilamba unga uliobaki. Ikafika siku kopo likawa kopo tu.

Alikuja jikoni siku ile akitembea kama mtu anayepita ndani ya maji. Uso ulikuwa bado mviringo. Hilo ndilo lililotudanganya: uso ulikuwa mzima. Alipika ameegemea ukuta, Emilie akisonga bugali badala yake. Saa ya kula wakafika askari watatu wageni, wametoka juu milimani, hawamjui mtu. Mmoja wao, kijana mwenye macho mekundu, akagonga sufuria kwa mdomo wa bunduki.

"Mama, fungua sufuria."

"Baba, nimekula tayari, tangu asubuhi."

"Mbele yangu hujakula. Fungua."

Tulimwona akimega tonge. Lilikuwa dogo. Akachovya, akaweka mdomoni, akatafuna muda mrefu. Koo likashuka. Yule askari akatabasamu, akanyoosha mkono kuchukua sahani. Hapo Mama Bibiane akainama, na tonge likarudi, na yaliyokuwa chini yake yakarudi, na maji ya njano, mbele ya benchi zima, juu ya viatu vya serikali mpya.

"Sumu!" askari akaruka nyuma. "Huyu mwanamuke anatuua!"

Akaipiga sufuria teke. Mikebuka ikalala kwenye kokoto za reli. Akakoki bunduki, na sisi wa benchi tukagundua kwa mara ya kwanza kwamba benchi lina uvungu. Papa Ngoy peke yake ndiye aliyesimama. Lazima nimpe haki yake. Akatembea mpaka kwenye kokoto, akaokota samaki, akamla. Na mchanga wake, na mifupa yake. Akafungua mdomo kumwonyesha yule kijana kwamba umebaki mtupu.

"Mimi nimekula, mutoto yangu. Kama ni sumu, ngoja hapa unizike. Huyu mama ni mugonjwa."

Askari waliondoka wakitukana. Mama Bibiane alikuwa chini, macho wazi, jasho baridi. Tukampakia kwenye kigari cha mizigo cha stesheni, Papa Ngoy akashika mbele, tukasukuma.

Kalemie mtu akitapika na kuanguka, jina la ugonjwa linafika hospitali kabla yake. Kipindupindu ni mwenyeji wetu wa kudumu. Kwa hiyo tulipofika langoni hawakuuliza sana, wakatuonyesha hema, na ndani ya hema tukamkuta muganga wa hospitali, Aisha, mwanamke wa familia ya zamani ya wafanyabiashara wa ziwa, aliyekuwa amefanya kazi mwaka mzima bila mshahara na bado alifunga ushungi wake sawasawa kila asubuhi. Akamwekea serumu ya mshipani. Ile chumvi na maji vilimfaa kidogo, alasiri akafungua macho vizuri, akauliza:

"Nani anaangalia jiko?"

"Emilie," nikamwambia. Na kweli Emilie alikuwa amebaki kule na mdogo wake, wakiokota samaki.

Muganga Aisha akarudi. Akamtazama mikono, akamtazama miguu, akafunua kidogo kitenge tumboni. Akakunja uso.

"Mama Bibiane, kuhara umehara?"

"Hapana, Mama Aisha."

"Basi hii si kipindupindu. Niambie. Kuna dawa uliyokuwa unameza? Ya aina yoyote, ata ya sokoni. Mimi sitakugombeza."

Pembeni ya kitanda, mkono kiunoni, alikuwa amesimama Florentine. Alikuwa amefika kwa mbio, bado anahema. Mama Bibiane akamtazama muganga. Halafu akamtazama wifi yake. Mashavu yale, yaliyomlinda mwaka mzima na kitu, yakainuka, akatabasamu.

"Hakuna dawa. Mimi ni muzima. Nakula tu vizuri."

"Mama, fikiri sana."

"Nimefikiri. Uliza wifi yangu. Yeye aliniona nikinona."

"Ni kweli," Florentine akasema, "huyu alikuwa na afya."

Muganga Aisha alisimama pale muda, kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa lakini haoni mlango uko wapi. Kisha wakamwita hema la pili, ambako watoto wawili walikuwa wanakauka kwa kuhara. Akaenda. Mama Bibiane akafumba macho. Kesho yake, jua likiwa limeshapanda, moyo wake ulipunguza mwendo, ukapunguza tena, ukasimama bila breki na bila fundi wa breki.

Emilie ndiye aliyeleta kopo. Alilileta kilioni, siku ya maziko, akalitia mkononi mwa muganga Aisha. Ndani kulikuwa na vipande vya karatasi ya bati vilivyochapwa jina la dawa. Muganga akasoma. Akakaa chini, pale pale mkekani, katikati ya wanawake.

"Ilikuwamo kabatini," akasema. "Sindano ya kumsaidia ilikuwamo kabatini. Ni ndugu ya dawa hii hii."

Wanawake wakasogea. Akawaeleza, na kwa haki alieleza vizuri. Mwili, alisema, una kiwanda chake kidogo kinachotengeneza dawa hiyo, kiasi chake, kila siku. Ukianza kuileta tele kutoka nje, kiwanda kinafunga milango na wafanyakazi wanakwenda nyumbani. Na siku dawa ya nje ikikatika ghafla, ndani hakuna mtu wa kuwasha mashine. Kalemie hatuhitaji kuchorewa picha ya kiwanda kilichofungwa, tuna cha kwetu, majani yameota juu ya bati. Kila mtu alielewa.

"Kwa hiyo," muganga akamaliza, "msizimeze. Na aliyekwisha kuzimeza muda mrefu asiache ghafla. Aje kwangu, tupunguze polepole. Mmesikia?"

"Tumesikia," wanawake wakajibu kwa pamoja, kama kanisani.

Mama Gisèle, mpishi wa ng'ambo ya reli, alikuwa miongoni mwao. Niliona mkono wake ukipanda wenyewe mpaka kwenye shavu lake na kukaa hapo.

Ziwa lilifunguliwa juma lililofuata. Na hapa ndipo ningependa kuwaambia kwamba Josias alikosa wateja. Lakini mji ulikuwa umesikia nusu ya maneno ya muganga, nusu iliyokuwa inaufaa. Kosa la Mama Bibiane, watu walisema kwenye mabomba ya maji, kwenye benchi, hata kanisani, lilikuwa kuishiwa. Asingeishiwa, angekuwa hai, na mashavu yake. Mama Gisèle alinunua akiba ya miezi. Wengine ambao hawakuwahi kumeza walianza, wakiwa na uhakika kwamba wao hawataishiwa. Josias aliacha kuuza kidonge kimoja kimoja, akauza kwa kopo. Betri alizitoa kabisa sandukuni. Ni muganga Aisha peke yake aliyekuwa anangoja, na hadi naandika haya waliomwendea wanahesabika kwa vidole na vidole vinabaki.

Florentine alitimiza neno lake. Jiko lilikuwa limekufa, si ndiyo? Akaja asubuhi na watu wa baiskeli, wale wanaosukuma mizigo kando ya reli mpaka Niemba, akafunga sufuria kubwa juu ya baiskeli moja na Edouard juu ya nyingine. Josias alikuwepo, mahali penye safari yeye hakosi. Florentine akanunua kopo moja, akafungua, akatoa vidonge viwili vyeupe, akamtilia Emilie kiganjani.

"Meza."

"Shangazi, mimi siumwi."

"Nani kasema unaumwa? Umekonda. Niemba watasema una ugonjwa wa mama yako."

"Ugonjwa wa mama ni hii."

"Usinijibu mbele ya watu! Meza, twende."

Emilie aliweka kiganja mdomoni, akainua kidevu. Koo likashuka. Florentine akaridhika, maana tulikuwa tumezoea wote: koo likishuka, jambo limekwisha. Papa Ngoy alikuwa amesimama kando ya mizani yake na kile kitambaa mkononi. Hakusema panda tuone. Alimfungia mtoto kamba ya kiatu, akarudi nyuma.

Baiskeli zikaondoka. Emilie akatembea nyuma yao, mkono mmoja umekunjwa ngumi. Alipopita penye mizani ngumi ikafunguka, hakugeuka, akaendelea.

Josias alikuwa wa kwanza kuviona vile vidonge. Akainama, akaviokota vyote viwili kutoka kwenye kokoto, akavipuliza vumbi, na kuvirudisha ndani ya sanduku.